Usipime Ncha

Wajina wangu, picha yako niliiona Jumapili baada ya ibada, nimeketi chini ya mwembe na simu nimeikinga kwa kofia ili nione vizuri. Risasi tano umezipanga juu ya kitambaa, kila moja na kikaratasi chake: 2.800, 2.807, 2.796, 2.811, 2.799. Chini umeandika kwamba mashine ya kujazia risasi uliyonunua ina kasoro, kwamba skrubu yake umeikaza na kuilegeza mara tisa, na bado kila risasi inakupa urefu wake. Ile ya nne ilipita hata kipimo cha juu kabisa cha kitabu, inchi 2.810, nawe ukairudisha mashineni ukaisukuma ndani mpaka ikakubali.

Nilipofika hapo niliinuka, nikaenda kuchukua miwani, nikaitazama picha upya. Mashine yako haina kosa. Wewe umepima ncha. Kwa hiyo acha vitu mezani kama vilivyo, funika mkebe wa baruti, nikwambie ninayoyajua. Wasomee na wale vijana wenzako wa hapo Dallas ambao ulisema mnakutana Jumamosi kulenga shabaha.

Bibi yako ameniambia nikukataze kabisa. Sikukatazi. Huko uliko sheria inakuruhusu kuwinda kulungu kwa kibali na kujaza risasi zako kwa mkono, na mtu anayetaka kujua kilichomo ndani ya chombo anachokishika namheshimu. Lakini kazi hii haina nusu. Tairi la gari dogo hujazwa upepo wa paundi kama 30 kwa kila inchi mraba. Hiyo bunduki yako ya .308 imeruhusiwa kufika paundi 62,000, na ganda linalobeba nguvu hiyo liko shubiri moja tu kutoka kwenye jicho lako.

Tuanze na majina ya vitu, maana mabishano mengi huzaliwa na majina. Risasi nzima ina sehemu nne: ganda la shaba njano, fataki kitakoni, baruti tumboni, na kichwa mdomoni. Kichwa chenyewe hakinenepi ghafla. Kutoka nchani hupanuka polepole kama boga changa, na kabla tu hakijafika unene wake kamili pana duara ambalo ndilo la kwanza kukutana na chuma cha mtutu. Duara hilo mimi huliita shavu.

Sasa ingia ndani ya mtutu. Mbele ya chumba ambamo ganda hukaa pana nafasi ndogo laini, kisha yanaanza matuta. Nayaita matuta kwa sababu wewe umekulia Kola na ukiambiwa tuta unaliona. Mtutu umekatwa mifereji inayozunguka kama nyoka aliyejiviringisha, na kati ya mfereji na mfereji chuma kimebaki juu, vilevile udongo unavyobaki juu ya mtaro katika shamba letu la mteremkoni. Katika .308, kutoka tuta hadi tuta la upande wa pili ni milimita 7.62, na kutoka mfereji hadi mfereji ni 7.82. Fanya hesabu utaona kila tuta lina kimo cha sehemu moja ya kumi ya milimita. Tuta dogo hivyo ndilo linalokishika kichwa na kukizungusha mpaka kiruke kimenyooka. Na umbali kati ya shavu na mwanzo wa matuta hayo ndio kitu pekee ulichokuwa unakitafuta ulipoishika kalipa yako ya kupimia. Ncha haimo katika habari hii. Ncha huelea hewani, haigusi chochote mpaka imfikie mnyama.

Vichwa ulivyonunua vina ncha ya risasi tupu, yale madini laini ambayo hata ukucha huyaachia alama. Vimesuguana ndani ya boksi tangu kiwandani. Kimoja kimebonyea, kingine kimechongoka, cha tatu kina kijino pembeni. Ukiweka taya la kalipa hapo unapima ajali za safarini. Vichwa vya mashindano vyenye tundu nchani navyo havina nafuu, maana midomo ya yale matundu huwa imekatika bila usawa. Na jambo ambalo naona hukuambiwa dukani ni hili: kile kikombe cha mashine kinachosukuma kichwa ndani ya ganda kwa kawaida hakisukumi ncha. Kimechimbwa ndani ili kishike mbavu za kichwa, karibu na shavu. Hivyo risasi zako tano huenda zilikuwa sawasawa mahali panapohusika tangu mwanzo, na mara zote tisa ulizogusa skrubu ulikuwa unaharibu kilichokuwa kizuri. Ile ya nne sasa ndiyo mbaya kuliko zote. Ing'oe kichwa, usiifyatue.

Haya sikuyajua kwanza kwa bunduki.

Baba yangu, ambaye wewe hukumkuta, alikuwa mtengeneza mishale. Sisi Wakamba tulijulikana kwa uta zamani kabla hatujajulikana kwa vinyago. Mshale wa kuwindia ulikuwa na vipande viwili: uti wenye manyoya, na mbele yake kijiti kifupi chenye chembe, kimepakwa sumu nyeusi iliyochemshwa kutoka kwenye mti wa msunguti. Kijiti hicho kilivishwa ukanda mwembamba wa ngozi, sumu isikauke na isimguse mwenyewe. Mtu alipokuja kuagiza mishale, baba hakumuuliza anataka mirefu kiasi gani. Alimwambia, "Leta uta wako." Akampa uti usio na chembe, akamwambia avute kama anavyovuta mnyama akiwa mbele yake. Mimi nilikuwa mtoto wa kushika kipande cha mkaa. Pale uti ulipopita juu ya ngumi iliyoshika uta, baba alinyoosha mkono, nami nikampa mkaa, akachora mstari. Basi. Kipimo kilikuwa kutoka kwenye ugwe hadi kwenye ngumi. Kilichokuwa mbele ya ngumi kilikuwa na nafasi yake, na urefu wa chembe haukumsumbua.

Nilimwona akimkatalia jirani mmoja aliyetaka kununua mishale iliyokuwa imetengenezwa kwa ajili ya kaka yake mfupi. Yule bwana alikuwa na mikono mirefu, na aliona ni mishale mizuri, bei ni ile ile, kwa nini asiichukue? Baba alimvutisha mmoja. Uti ukaisha kabla mkono haujafika mwisho, na kile kijiti cha mbele, mahali ambapo sumu ingekuwa, kikaja kukalia kidole chake. Hakuna aliyesema neno. Yule mtu alikirudisha chini kile kijiti taratibu sana, ingawa kilikuwa hakina kitu.

Miaka mingi baadaye nikiwa jeshini niliyakuta mambo yale yale yamevaa chuma. Niliingia mwaka wa 1966, miaka mitatu baada ya King's African Rifles (KAR) kugeuka Kenya Rifles, na nikapelekwa ghala la silaha. Mwalimu wetu alikuwa mzee aliyepigana Burma mwaka wa 1944 na kurudi na vidole vinane. Alitufundisha kwa bunduki za zamani za .303, zile watu wa kaskazini mpaka leo huziita maki 4. Alikuwa na geji mbili za chuma, vijisahani vidogo kama vifungo vya koti. Moja inchi 0.064, nyingine 0.074. Unaweka ya kwanza mahali pa kitako cha risasi, unafunga bolti polepole kwa kidole kimoja: ni lazima ifunge. Unaweka ya pili: ni lazima ikatae. Kati ya kufunga na kukataa kulikuwa na robo ya milimita. Ikiwa bunduki imefunga juu ya geji ya pili, unachukua kichwa kingine cha bolti. Vilikuwepo vya namba 0, 1, 2 na 3, kila kimoja kirefu kidogo kuliko kilichotangulia, na unajaribu mpaka bunduki yenyewe ikwambie inataka kipi.

Nilimuuliza kwa nini hatuna namba moja ya bunduki zote, tukamaliza kazi mapema tukaenda kula. Alinitazama muda mrefu, kisha akachukua bunduki mbili kwenye rafu, namba zake zikifuatana, akanipa kichwa cha bolti cha namba 1. Katika ile ya kwanza kilikuwa sawa. Katika ya pili kililegea. Akasema, "Hizi zimezaliwa siku moja. Sasa muulize mama yao kwa nini hawafanani."

Kitabu chako cha kujazia risasi ni kizuri na ninataka ukiheshimu. Namba zake ni za makubaliano ya viwanda vya Marekani, ambavyo vina chama chao cha vipimo tangu 1926. Zinasema risasi isizidi inchi 2.810, yaani milimita 71.37, ili risasi ya kiwanda chochote iingie katika bunduki yoyote ya .308. Ni kipimo cha amani kati ya watu wasiojuana. Lakini wewe bunduki yako unaijua, unalala nayo nyumba moja. Unachotakiwa kujua zaidi ya hicho cha kitabu ni matuta ya mtutu wako yanaanzia wapi kwa kichwa hiki ulichokichagua, maana kichwa cha kiwanda kingine kina shavu mahali pengine.

Nitakueleza namna nilivyofanya mimi, bila kifaa cha gharama. Toa risasi zote chumbani, uzipeleke chumba kingine kabisa. Hakikisha bunduki ni tupu kwa jicho na kwa kidole. Funga bolti ikiwa imekokwa, msumari usiwe umetokeza. Chukua ufito wa kusafishia wenye mwisho bapa, uuingize kutoka mdomoni mwa mtutu mpaka ugonge uso wa bolti. Ugongaji huo utausikia, ni mlio mkavu. Hapo mdomoni zungushia ufito utepe wa karatasi wenye gundi, uchore mstari kwa wembe, mwembamba. Halafu toa bolti. Tumbukiza kichwa kitupu chumbani, ukisindikize kwa kalamu ya risasi mpaka kikae kwenye matuta. Usikisukume kwa nguvu. Kishikilie tu, kama unavyomshika mtoto asianguke kitandani. Rudisha ufito kutoka mbele mpaka uguse ncha. Chora mstari wa pili. Umbali kati ya mistari miwili ni urefu wa risasi nzima ikiwa shavu lake limegusa matuta.

Utaniambia, babu, si tumerudi kwenye ncha? Ndiyo, kwa dakika moja tu, na kwa kile kichwa kimoja ulichokishika. Kwa hiyo kichwa hicho hicho, usikibadilishe, kitie katika ganda tupu lisilo na baruti wala fataki mpaka risasi ifike urefu ule uliouchora. Sasa vaa kile kipete cha kulinganishia kwenye taya la kalipa, kile chenye tundu linalokaa juu ya shavu, upime kutoka kitakoni hadi kwenye kipete. Hiyo namba ndiyo mali yako. Rudia zoezi zima mara tano. Mara ya kwanza mkono hutetemeka, ya pili ufito hupinda, ufikapo ya tatu namba huanza kukubaliana. Ikiwa mojawapo imekimbia mbali na wenzake, itupe, urudie. Namba ya kipete chako ni ya kipete chako peke yake: usiichukue ya rafiki yako, wala usimpe yako aitumie.

Kutoka kwenye namba ya kugusa, rudi nyuma nusu milimita, inchi 0.020. Wapo watakaokwambia karibu zaidi ndiyo hupiga vizuri. Pengine, katika bunduki zao. Kichwa kikiwa kimeegemea matuta tangu mwanzo hakina mbio za kuanzia, na shinikizo hupanda juu kuliko kitabu kilivyotarajia. Kikizamishwa sana ndani ya ganda, kama ulivyofanya ile ya nne, kinainyang'anya baruti nafasi yake. Kisha jaribu risasi katika magazini. Ikiwa ni ndefu kuliko magazini, mwenye neno la mwisho ni magazini. Na kila unapobadili kichwa, au urefu, rudi chini kwenye kiasi cha kuanzia cha baruti ambacho kitabu kimeandika, upande tena taratibu.

Nikwambie kwa nini ninasema kwa ukali hivi. Nilipostaafu mwaka wa 1988, uwindaji hapa Kenya ulikuwa umepigwa marufuku tangu 1977, na mtu wa silaha hakuwa na kazi nyingi za halali. Nikaenda Tanzania, ambako msimu hufunguliwa Julai, nikafanya misimu sita katika pori la Selous upande wa Rufiji. Kazi yangu ilikuwa kutunza bunduki za wageni: kuzifuta, kuzihesabu, kuhakikisha risasi ni kavu. Mwaka mmoja alikuja mgeni, mtu mpole, na bunduki mpya ya .375 na boksi mbili za risasi alizozijaza mwenyewe nyumbani kwake. Zilikuwa zinang'aa. Usiku nilizifuta moja moja, nikazihesabu 40, nikazipenda kwa jinsi zilivyolingana. Hesabu yangu ikaishia hapo. Sikuingiza hata moja katika chumba cha ile bunduki, na hilo lilikuwa jukumu langu.

Kumbe alizipimia bunduki yake ya zamani. Mtutu uliopigwa miaka mingi huliwa na moto pale mbele ya chumba, mwanzo wa matuta yake ukasogea mbele kama tuta lililobomolewa na mvua, na mwenyewe alikuwa akiongeza urefu kidogo kidogo kuyafuata. Katika bunduki mpya yale matuta yalikuwa karibu. Asubuhi walimjeruhi mbogo, wakamfuata kichakani. Mgeni akataka kubadilisha risasi aweke ya kichwa kigumu, akavuta bolti. Ganda likatoka peke yake. Kichwa kilikuwa kimebanwa na matuta, kikabaki mtutuni, na baruti yote ikamwagika ndani ya mitambo na magazini, punje kama za bizari. Bunduki ya mamilioni ikawa fimbo. Alikwenda kuifunga tena haikufunga, na mbogo akatoka. Mwindaji kiongozi alimwangusha hatua chache mbele yao. Waliporudi kambini mgeni alinikabidhi bunduki bila kunilaumu, mikono yake ikiwa bado na punje za baruti, nami nilikaa na ile bunduki mapajani mpaka taa ikaisha mafuta. Tangu siku hiyo hakuna risasi iliyotoka mkononi mwangu bila kujaribiwa chumbani mwa bunduki itakayoipiga, mtutu ukielekezwa penye usalama.

Mtutu wako wewe ni mpya, lakini nao utaliwa. Baada ya risasi mia kadhaa fanya tena lile zoezi la ufito, uandike tarehe.

Juu ya kalipa yenyewe nina maneno. Mfaransa Pierre Vernier aliyebuni ile skeli ndogo mwaka wa 1631 hakuwa na betri, na kalipa yangu mpaka leo haina. Yako ina kioo cha namba, na kioo cha namba hudanganya kwa sauti ya uhakika. Kabla ya kupima, bana karatasi safi kati ya mataya, kidogo tu, uivute itoke: inaondoka na vumbi na mafuta. Funga mataya, uyainue dhidi ya dirisha. Usione mwanga kati yake. Sasa ndipo uweke sifuri. Kila baada ya risasi kumi, rudi kwenye sifuri. Shika risasi isimame sawa na taya, uizungushe kwa vidole viwili huku ukihisi. Mahali inapokwama kidogo si urefu, ni kijino au fataki iliyotokeza kitakoni. Fataki isiyozama vizuri huongeza namba na yenyewe pia ni hatari. Kidole gumba chako kina nguvu ya kukandamiza sehemu kadhaa za elfu ya inchi bila wewe kujua, kwa hiyo kikandamize vilevile kila mara. Nunua kipande kimoja cha chuma cha kipimo kinachojulikana, ukifunge kwenye kitambaa chenye mafuta, uwe unaikumbusha kalipa yako ukweli.

Ganda nalo lipimwe peke yake, kabla ya kichwa. Kila likifyatuliwa na kurudishwa umbo, shaba hukimbilia mbele na shingo hurefuka. La .308 lisizidi inchi 2.015, milimita 51.18. Likizidi, mdomo wake hubanwa mwisho wa chumba, haukiachii kichwa, na shinikizo linapanda bila wewe kuona sababu. Likate, ulisafishe kingo ndani na nje, uendelee. Hii ni kazi ya kuchosha na ndiyo vijana huiruka.

Mambo mengine nitayapitia haraka. Risasi usiziache garini kwenye jua la Texas, kwa kuwa baruti iliyopata joto huwaka kwa hasira zaidi. Baruti ya aina moja tu iwe mezani kwa wakati mmoja. Usijaze risasi ukiwa unazungumza kwenye simu, hata na mimi. Na ukichoka, funga.

Andika katika daftari la karatasi. Nasikia una programu ya simu, sawa, lakini daftari utalifungua miaka 20 ijayo. Tarehe, kichwa cha kiwanda gani, ganda limepigwa mara ngapi, urefu wa kitako hadi shavu, urefu wa kitako hadi ncha ukitaka, ila huo wa mwisho andika kwa penseli.

Sasa sheria. Wewe huko una ruhusa. Hapa kwetu risasi hutengenezwa Eldoret, katika kiwanda cha serikali kilichoundwa mwaka wa 1997, na si chumbani kwa mtu. Sheria ya silaha, Sura ya 114, haicheki na yeyote. Ukifunga mizigo ya kuja nyumbani, geuza mifuko yote ya koti la kuwindia, kung'uta viatu, pekua ule mkoba wa mgongoni mpaka kwenye mshono. Risasi moja uliyoisahau ni kesi tangu pale uwanja wa ndege, na afisa hatakuuliza kama babu yako alikuwa mwanajeshi. Usiniletee hata ganda tupu la kuweka mezani kama pambo. Kalipa lete. Nataka kuiona hiyo yenye kioo, tuilinganishe na yangu juu ya kipande kimoja cha chuma, tuone nani anasema kweli.

Wiki hii fanya zoezi la ufito mara tano, unitumie namba zote tano. Usiniteulie zile nzuri tu. Nitakuwa sokoni Kola siku ya Jumanne, huko mtandao una nguvu, nitazisoma hapo.

Mshale mmoja wa baba bado upo, nimeuchomeka juu ya mlango wa jikoni, kijiti chake hakina sumu na ngozi imekauka. Alinitengenezea mimi nilipofikisha umri wa kuvuta uta wa mtu mzima. Mstari wa mkaa umefutika lakini alikuwa ameukwaruza pia kwa kisu, na alama ya kisu ipo. Jana niliushusha, nikauvuta. Mabega yamekataa, nimeishia vidole vitatu kabla ya alama. Wewe una mikono kama yangu ya wakati ule. Ukija Desemba utauvuta, mimi nitashika mkaa.